Sanduku la Saba

Udongo tuliuchota wenyewe, jangwani La Joya,
mimi na Hermógenes, kwa sepetu na magunia,
udongo usiowahi kuitwa shamba na yeyote.
Niliuonja kwa ncha ya ulimi: chumvi, kutu, kisha si kitu.
Mhandisi Iturrizaga akacheka, akaandika daftarini
kwamba fundi amekula Mirihi.

Kwenye orodha ya mishahara naitwa Eulalia Ccahuana.
Kazi: kufagia, kupima maji, kufunga milango.
Hakuna safu ya kuandika
kwamba mama yangu alikijua kiazi kigonjwa
kwa kukipima kiganjani, gizani,
kwamba kwetu Chivay baridi hatuiogopi, tunaitumikisha:
viazi tunavilaza nje usiku wa jalidi,
asubuhi tunavikanyaga kwa miguu mitupu,
maji yatoke, vikauke, vikae miaka.

Basi nilipoambiwa hewa ya sandukuni imepunguzwa,
imejazwa ile pumzi tunayoitoa sisi,
na usiku maji yataganda mrijani,
sikushtuka.
Kilichonishtua ni kimya.
Udongo usio na mnyoo, usio na mzizi wa mwaka jana.
Udongo ambao haujamzika mtu.

Masanduku kumi na mawili. Kufikia mwezi wa pili
kumi na moja yalikuwa makaburi yenye namba.
La saba likatoa jani,
dogo, limekunjamana kama sikio la mtoto mchanga.
Wakapiga makofi, wakapigiana simu,
keki ikaja kutoka Arequipa, imeyeyuka upande mmoja.
Wakasema: siku moja, huko.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huko jembe litatangulia,
mgeni atalikuta limesimama peke yake
kwenye vumbi jekundu.

Mimi niliona jambo, sikulisema.
Jani halikuzielekea taa zao, zile nyekundu na buluu.
Liliinama upande wa mlango,
palipokuwa na ufa wa upana wa ukucha,
pale ninapoilaza kurunzi sakafuni kila alfajiri nikifagia.
Robo saa tu,
mwanga wa njano wa betri iliyochoka.

Nani atafagia kule?

Jumatatu wakaugundua ufa.
“Hitilafu,” akasema Iturrizaga, akanipa gundi na utepe,
nami nikaziba,
nikapitisha kidole gumba mara mbili, kazi safi.
Siku ya kwanza jani bado liliinama.
Ya pili pia.
Ya tatu lilisimama wima, wakalipiga picha,
nami nikatoka nje kumwaga taka,
kifua kinaniuma kama aliyemwachisha ziwa
mtoto wa watu.