Birika la Ollerenshaw

Hupanda jukwaani na birika la umeme, waya, na suruali ya pajama.
Hasemi habari za jioni. Hasemi jina lake.
Anabonyeza, kisha anasogea pembeni, mikono nyuma,
kama mkwe anayesubiri kukaribishwa.

Sisi tunalitazama birika.
Birika linatutazama.

Hapa ni Accrington, juu ya baa, Jumanne,
mvua ya Novemba inakwaruza kioo kama paka aliyefungiwa nje.
Mimi ni mfagiaji wa ukumbi huu, mwaka wa sita sasa.
Kiingereza cha hapa kilikuwa kikinipita
kama treni isiyosimama kituo changu,
na utani wao ndio kabisa:
wakishacheka wote, nami nacheka, peke yangu, nimechelewa.
Kwa mzee huyu sikuchelewa.
Nani asiyejua kungoja maji?

Alioanza nao wana majumba.
Wao walikuwa na vichekesho vya mama mkwe,
na vya watu wa rangi yangu, nasikia, vilivyolipa vizuri.
Clive Ollerenshaw alikuwa na ramani ya Wales.
Alijaribu kuikunja.
Hicho ndicho kichekesho, chote.
Kule Barnsley wachimba makaa walimrushia sambusa ya nyama;
akaiokota, akaila, akaomba chumvi.
Televisheni ilimpa dakika saba, mara moja,
na ramani ilikuwa bado haijakunjika
walipoweka tangazo la sabuni.

Akauza mazulia Burnley, miaka kumi na mmoja.
"Kazi ile ile," aliniambia. "Unakunjua taratibu,
watu wanadhani kuna kitu ndani."

Sasa vijana wanakuja kwa treni kutoka Manchester,
wenye miwani na madaftari,
wanaandika kuhusu falsafa ya ukimya wake.
Yeye ananiuliza kama maziwa yamebaki.

Wachekeshaji wengine nimewaona, wanakuja Ijumaa.
Wanatoka jasho, wanakiomba kicheko
kama mdeni anayeomba siku mbili zaidi.
Ollerenshaw hakiombi. Kikija, kije.
Huanza na mtu mmoja nyuma, pumzi tu puani,
halafu benchi moja, halafu yule mama wa duka la nyama
anashika mbavu, anasema basi, basi jamani,
na hakuna aliyefanya lolote!
Mzee anatukazia macho, amekasirika kidogo,
kama tunaliharakisha birika.

Jumanne iliyopita lilikawia.
Dakika ishirini. Thelathini na tano.
Watu walilia machozi. Mmoja alitoka nje kupumua, akarudi mbio
asije akapitwa.
Halikuchemka. Akainama, akalibeba, akaondoka.
Walipiga makofi mpaka vumbi likashuka darini, vumbi langu hilo.

Nilipofagia nyuma ya pazia niliikuta plagi sakafuni,
mbali na ukuta, imelala chali.

Nikamfuata ngazini. Nikamwambia, bwana Clive,
waya haukuchomekwa.
Akasimama, birika kwapani,
maji baridi yakimchuruzika kwenye pajama.
"Uliona saa ngapi?"
Nikasema, mapema. Tangu mwanzo.
"Na ukanyamaza?"
Nikanyamaza.
Akanitazama kwa muda mrefu sana,
na tukiwa pale ngazini, mimi na ufagio wangu,
ikaanza, pumzi tu, puani.