Kimo cha Kiwiko

Mgongo ulianza kunidai kama mwenye nyumba:
kwanza kwa upole, kila tarehe tano,
kisha kila asubuhi, ukibisha kwa ngumi
pale chini, juu kidogo ya mshipi.

Kazi yangu ni hesabu za watu wengine.
Saa kumi kwa siku, ghorofa ya tatu, Donholm,
nimekunjika kitini kama risiti iliyosahaulika mfukoni,
miguu imelala, mimi macho,
chai inapoa kando ya kikokotoo.

Chelagat wa kunyoosha viungo alinibonyeza uti,
akauliza, "Unakaa sana?"
Nikasema, "Ninakaa Donholm."
Hakucheka.
"Tafuta meza ya kusimamia," akasema,
"lakini usigeuke mlingoti.
Simama, keti, nenda dirishani, rudi.
Mlango usiofunguliwa, bawaba zake hushika kutu."

Westlands nilionyeshwa ya umeme.
Unabonyeza, inapanda ikinung'unika
kama mtu mzito anayeinuka ibadani.
Nikatazama bei.
Nikatazama tena, nikidhani ni nambari ya simu.
Nikamwambia kijana, "Nitarudi,"
na sote wawili tulijua.

Barabara ya Ngong, katikati ya vumbi la mbao na vanishi,
fundi Odanga hakuuliza nina shilingi ngapi.
"Vua viatu. Legeza mabega.
Kunja mkono kama uliyebeba sinia."
Akashusha futi kutoka kiwikoni hadi chini:
mia moja na mbili.
Akaichukua penseli sikioni, akaandika kwenye kibao.
"Msonobari ni mwepesi, mkaratusi hupasuka.
Na usidanganywe na rangi, itikise kwanza.
Meza ikicheza, hata senti zitakukimbia."

Yeye amesimama miaka ishirini na sita.
Alipandisha suruali kidogo, nikaona mishipa
iliyojisokota kama kamba za mzigo.
"Wewe unatafuta kusimama, mimi natafuta kiti," akasema,
"tungebadilishana."
Akaniongezea kibao cha kuegeshea mguu,
leo wa kulia, kesho wa kushoto. Hakunitoza.

Wiki ya kwanza nyayo zililia.
Ya pili nikajua lini niketi, lini niinuke,
na ule usingizi wa saa nane mchana
ukaja, ukanikuta wima, ukaona haya.
Mgongo? Bado hudai.
Siku hizi hutuma ujumbe tu.

Kisha Jumapili mama akafika kutoka Kibwezi.

Miaka thelathini kiwanda cha biskuti, Eneo la Viwanda,
mbele ya mkanda uliotembea, yeye asiruhusiwe kutembea.
Kiti kilikuwa kimoja, cha msimamizi.
Usiku aliloweka miguu karaini,
mimi nikimimina chumvi, nikisoma kwa sauti
majedwali ya kuzidisha.
"Soma, Kalekye," aliniambia, macho amefumba,
"upate kazi ya kukaa."

Akaizunguka meza mara mbili.
"Umelipa?"
"Nimelipa, mama."
"Ili usimame."
Nikatafuta neno nikalikosa.
Akacheka mpaka akajitupa kwenye kiti changu,
kile chenye magurudumu, kikamrudisha nyuma hadi ukutani,
akacheka zaidi.
Alipopanguza machozi akauliza:
"Na ukitaka kuketi, unaketi? Hakuna wa kukukata mshahara?"
"Hakuna."
Akanyamaza kidogo.
"Basi huko si kusimama," akasema. "Huko ni kuinuka."

Akanyanyuka, akaupima ubao kwa viganja,
akaegesha mguu wa kushoto kwenye kibao cha Odanga
bila kuonyeshwa.
"Hiki kimo ni cha kukandia," akasema. "Leta unga."

Tulikula chapati kumi na moja.
Mimi niliketi, nikamtazama akisukuma,
miguu akiibadilisha apendavyo.
Unga haujatoka kwenye kikokotoo mpaka leo.
Kitufe cha saba kinakwama.