Kidole cha Mdakaji

Mimi ndiye niliyekuwa nachuchumaa nyuma ya bamba
miaka minne, Verlon Tackett akinirushia.
Yaulizeni magoti yangu, yatawatajia jina lake.

Mpira wake haukuwa ukija. Ulikuwa umeshafika.
Glovu ilipiga kofi, ndipo mpigaji akazungusha gongo
kama anayepungia gari-moshi lililokwisha ondoka.

Basi usiku ule, Toledo, duru ya saba,
manyunyu, watu elfu tatu na soseji zao,
nikamwonyesha vidole viwili: wa kupinda.
Akatikisa kichwa.
Nikaonyesha kimoja, wa kasi. Akakubali.
Hicho kimoja ndicho kinachoniamsha usiku.

Jukwaani hakuna aliyesikia.
Mimi nilisikia: tk.
Uzi wa kifungo cha shati
unavyokatika asubuhi umechelewa kazini.
Mpira ukaangukia nusu ya njia, ukabingirika
ukanijia wenyewe, kama mbwa aliyekosa.
Naye juu ya kichuguu akautazama mkono wake wa kushoto
kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa abiria mwingine.

Madaktari wakakopa kano mkono wa kulia
wakaushonea wa kushoto.
Dawa ya deni kulipa; lakini mwili ukijikopesha wenyewe
nani atamdai nani?
Miezi kumi na sita akarusha taulo mbele ya kioo.
Taulo tu. Fwap. Fwap.
Akarudi. Nikachuchumaa.
Mpira ukaja,
na mimi nikauona ukija,
nikauona mshono wake mwekundu, nikausoma kama barua.
Na wapigaji wote walijua kusoma.

Walimwachisha kwa simu, kwenye maegesho ya moteli,
kakumbatia mfuko wa nguo za dobi, bado zina joto.

Sasa yuko kwao Elkins, anaendesha gari la kusukuma theluji,
anamwaga chumvi barabarani kabla basi la shule halijapita.
Bintiye Oleta humrushia mpira uani;
yeye humrudishia kwa kuubingirisha majanini.
Tukipigiana simu tunazungumza bei ya dizeli.

Ila kidole changu cha shahada, hiki,
fundo lake lilivimba msimu wetu wa kwanza, halikurudi.
Baridi ikikaribia huuma, kabla redio haijatangaza.
Mke wangu husema nenda ukakatwe hicho kivimbe.
Siendi.
Humo mna mpira wake mmoja
bado uko njiani.