Kioo Namba 212, Kushoto

Tartu, Februari. Dirisha limeota barafu.
Naukata ubongo wa Heldur Rannamäe, fundi wa piano,
vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu;
naviosha, navitia zambarau,
navilaza juu ya kioo kama vichanga.

Wagiriki walikuita chumba cha bibi harusi,
ewe yai la kijivu, pacha wa kulia na kushoto,
nami nisiyeolewa nakubishia hodi kwa wembe.

Nani yumo?
Nyuma kabisa kuna mto wa kuegemea,
na chini ya mto, vigoti viwili vimejikunyata.
Kigoti cha macho kina tabaka sita:
ya kwanza, ya nne na ya sita ni za jicho la ng'ambo,
zilizobaki ni za jicho la jirani.
Wanalala kitanda kimoja, hawachanganyi shuka.
Kigoti cha pili ni cha sauti. Hapa Heldur
aliukamata uzi uliolegea nusu ya unywele.

Utando umekizunguka chumba, bawabu
asiye na neno na walioko ghorofani.
Kazi yake moja: wewe ngoja, wewe nyamaza.

Kisha, palipokaa viganja na vidole,
shimo.
Dogo kama dengu.
Kwa dengu hilo mkono wa kulia uliwaka miaka minne,
maji baridi yakawa makaa.

Virve, mkewe, alituambia akitia saini:
"Upande ule hakutaka nimguse.
Lakini nikiingia na koti la sufu lililolowa theluji,
macho kafumba, alinitaja jina."

Sikumweleza. Ningemwelezaje?
Mwanga hupita hapa, na sauti, na mguso, na uchungu;
harufu ina mlango wake wa uani,
haisubiri bawabu.

Saa nne usiku. Zamani nilidhani nyuzi zote hupanda,
chumba kikituma habari juu, basi.
Lakini panapopanda mmoja hushuka wengi, labda kumi:
kama mjane aliyeulizwa tarehe ya kifo tu
akasimulia ndoa nzima.

Nimeandika namba pembeni mwa kioo.
Nimevua glavu.
Nanusa mikono yangu: dawa,
na chini ya dawa, kwa mbali,
sufu.