Zipu Mgongoni

Kwanza ujue: lile zimwi lilikuwa mimi.
Mimi, Merfyn Pugh, kilo sitini na mbili,
ndani ya godoro la mpira lililopakwa kijani,
nikichungulia kwenye tundu la shingo,
kwa maana macho yake yalikuwa vizibo vya sinki
na vizibo havioni.

Birmingham, Januari ya sabini na nne.
Umeme wa mgawo, viwanda siku tatu kwa wiki,
serikali ikihesabu makaa kama bahili ahesabuvyo sukari.
Chombo chetu cha angani kilikuwa plaiwudi tupu:
Nahodha akibamiza mlango, galaksi nzima hutikisika.
Mara moja nyota ilidondoka ikamtua begani.
Akaipangusa kama mba,
akaendelea kuukomboa ulimwengu.

Na Malkia! Corisande Bell, amevaa karatasi ya kuokea keki,
kope za gundi ndefu kama vitana,
moja ikining'inia shavuni huku akinguruma:
"Pumueni kwa adabu!"
Tulicheka mpaka mpira ukaniloa jasho.

Sasa sikiliza hadithi yenyewe.
Honor Tattersall, sweta lake limetobolewa na sigara,
alibuni sayari ambako pumzi inalipiwa.
Kila nyumba na mita yake: sarafu moja, hewa ya saa moja.
Walio chini huichimba hewa miambani,
kisha huuziwa.
Mimi ndiye niliyetumwa kudai madeni.

Bwana Lascelles wa ghorofa ya tano akaukunja mswada.
"Hawa si wachimba makaa wetu?"
Honor akapuliza moshi pole pole.
"Hawa wana antena, Bwana Lascelles."
Akatazama mchoro. Akahesabu antena,
mbili, mbili, mbili.
Akatia saini.

Fumbo likampita mjinga kwenye lifti,
likashuka kusini mpaka Tylorstown,
kwa baba yangu, Ifor Pugh,
miaka thelathini na mmoja shimoni,
kopo la kutemea karibu na kiti.
Hakuwahi kunitazama. *Mwanangu anavaa godoro,*
ndivyo alivyowaambia kanisani.
Jumamosi ile alitazama,
kwa televisheni ya kukodi, ya kutumbukiza sarafu,
na mchimbaji mmoja mwenye antena alipofungua kinywa
aseme lile neno,
sarafu ikaisha.
Giza. Baba akapekua makoti ya nyumba nzima.

Akanipigia kutoka kibanda cha simu, kwenye mvua.
Nilisikia kifua chake kabla ya sauti yake.
"Merfyn. Nimeiona zipu."

Niliona aibu. Ilikuwa imefunguka nilipogeuka,
shati langu la mistari likatokeza
mbele ya watu milioni sita.
Nikaanza kueleza: kitambaa duni, fundi mmoja, bajeti.

"Nyamaza," akasema. Akakohoa, akangoja kipite.
"Nasema nimeiona. Ndani kulikuwa na mtu.
Hawa wa kwetu nao lazima wanayo mahali.
Ni kwamba hatujawahi kusimama nyuma yao."

Nikamuuliza kama alipenda.
Alivuta pumzi ili ajibu,
simu ikalia *tut, tut, tut,*
ikidai sarafu nyingine.