Namba Iliyo Chini ya Rangi

Fundi Eliringia hatazami kwanza.
Anakishika kifaa, anakipima mkononi
kama mama wa Kiboriloni apimavyo fungu la vitunguu
asipoiamini mizani ya mwenzake.
"Nyepesi," anasema. Basi.
Pampu ya mafuta niliyoinunua Arusha kwa bei ya ndama
inarudi kwenye boksi lake zuri.

Gari ni Pijo 404, ya mwaka sitini na saba,
rangi ya maziwa yaliyoungua kidogo,
ya marehemu baba. Miaka kumi na tisa
ililala bandani Mwika, kuku wakitaga kiti cha nyuma.
Nimeapa irudi ilivyotoka kiwandani,
kila nati, kila klipu.

Nimejifunza mengi gereji hii ya Pasua.
Kwamba feki huandikwa vizuri mno,
herufi zimenyooka kama watoto wa paredi;
orijino ina kasoro yake, ileile kila mara:
tano yenye mkia mfupi,
mshono wa kalibu uliopinda kando ya tundu la bolti.
"Mwongo hunakili uso," husema fundi,
"kovu humshinda."
Kwamba usisugue kwa msasa. Mafuta ya taa,
mswaki mkuukuu, na ufunge mdomo.
Kwamba kabureta huvaa kipande cha bati chini ya skrubu,
watu hukitupa,
kumbe ndicho cheti chake cha kuzaliwa.

Leo tumefika kwenye bloki yenyewe.
Grisi inabanduka kama ukoko,
chini yake rangi ya kijani ya mtu tusiyemjua,
chini yake namba, moja moja,
nami nimeshika kadi ya gari, nasoma kwa sauti:
tano, nne, nane, moja —
"Saba."
Narudia.
"Saba," anasema Eliringia. "Na inayofuata si sifuri."

Nje mtu anagonga rimu.
Injini hii si ya gari hili.

"Naweza kuigonga namba ya kadi," anasema taratibu,
kidole juu ya kisanduku cha patasi za tarakimu.
"Dakika kumi. Hata mnunuzi wa Ulaya hatajua."
Simjibu. Namfikiria baba,
mweka hazina wa usharika,
aliyetembea toka Mwika mpaka Himo
kurudisha chenji ya shilingi mbili.

Nampigia mama. Namsomea namba zote mbili.
Anacheka mpaka anakohoa.
"Imeonekana! Ile ilitoka Taveta, mwanangu,
mpaka umefungwa, mwaka wa foleni za sukari.
Tulipeleka kahawa, tukarudi na chuma
chini ya magunia ya mbaazi.
Baba yako alitetemeka njia nzima,
anataja zaburi, anazichanganya."

Eliringia amekwisha kufunga kisanduku chake.

Na nani aliwaonyesha njia, mama, usiku ule?

"Tochi nilishika mimi," anasema.
"Nimeifunika kwa kanga."