Umekula Nini?

Daktari kanipa karatasi yenye safu mbili:
kushoto ruhusa, kulia marufuku.
Ya kulia ndefu, imegeuka hadi nyuma ya ukurasa.
Nikaikunja mara nne, nikaisokomeza
chini ya mguu wa cherehani uliokuwa ukichezacheza
tangu mfungo wa mwaka juzi.
Cherehani imetulia.
Mimi bado.

Hapa kibarazani, Ilala Bungoni,
kila anayeinua mikono nimpime kiuno
namuuliza kwanza: "Umekula nini?"
Wanadhani ni adabu.

Shomvi wa bajaji: "Zege, fundi. Mayai mawili,
kachumbari, na ile tomato isiyojua nyanya ni nini."
Anacheka, na tumbo linacheka naye ndani ya futi.
Thelathini na sita.
Mwezi wa nne ilikuwa thelathini na nne.
Naandika namba, nameza mate.

Kidawa hajala. Ana send-off Jumamosi,
anakunywa maji ya ndimu, anasema, na hewa.
Lakini kucha ya kidole gumba ni nyekundu ya ubuyu,
na ulimi, alipotaja ndimu, nao mwekundu.
Sisemi kitu.
Naacha inchi moja ya akiba kwenye mshono.

Mtoto wa Mama Tumpe katumwa zipu ya bluu.
Mkono mmoja chenji, mkono mmoja embe bichi
lililochanwa likachanua kama ua,
chumvi na pilipili zikimtiririka hadi kiwikoni.
Huyu simuulizi.
Meno yananiuma kwa niaba yake.

Saa saba. Ng'ambo ya barabara
sufuria inafunuliwa, na wali wa nazi
unavuka bila kuangalia kulia wala kushoto,
unakuja kukaa kwenye kiti cha wateja.
Nimeisoma karatasi yote: harufu haikuandikwa.
Navuta pumzi, sahani ya kwanza.
Navuta tena.

Mafundi wenzangu wamezunguka sinia:
ugali, dagaa wa kukaanga, matembele,
pilipili moja inapita kwa zamu kama kipaza sauti kikaoni.
"Karibu, fundi!"
"Starehe."
Neno gani hilo, starehe,
kwa mtu anayefungua kikopo cha matango?

Jioni anakuja mtu wa mihogo.
Karai lake linaongea peke yake.
Anachana muhogo katikati kwa kisu, anaupaka chachandu,
anaufunga kwenye mtihani wa hesabu wa mtoto wa mtu.
(Kumi na nne kwa hamsini. Niliwahi kusoma.)
Mbele kidogo wanaume wamesimama kwenye meza ya pweza,
vijiti mkononi, vikombe vya supu vinafuka,
kila mmoja anaapa kaja kwa ajili ya mafua.

Nikapita. Ndiyo, nikapita.
Miguu iligoma kidogo pale kwa bagia,
nikaisihi kama punda, ikakubali.

Nyumbani Mwajabu ameandaa: mlenda, dona kiasi cha ngumi,
samaki wa kuchemsha mwenye uso wa mgonjwa mwenzangu.
"Umekula nini leo?" ananiuliza.
Nikafikiria zege, ubuyu, embe, wali,
dagaa, muhogo, supu, bagia tatu za moto.
"Matango," nikasema.

"Na mimi hivyohivyo," akajibu.
Aliapa mbele ya daktari: utakachokula wewe, nakula mimi.
Akainama kuchukua sahani
na kutoka kwenye fundo la kanga
ikadondoka chembe ya kashata,
ndogo kuliko kifungo cha mkono wa shati.
Akaikanyaga kwa unyayo, taratibu,
kama mtu anayezima cheche.

Nikatazama dari.
Tukalala mapema, mwongo mmoja na nusu,
sijui nusu ni yupi,
na chumba kizima kikinukia iliki.